Kerneli ya kibandani, kerneli ya nyumbani

Saa nne asubuhi kompyuta 31 kati ya 32 za maabara yetu zilikuwa zimekwama mahali pamoja: skrini nyeusi, mistari michache ya maandishi meupe, na chini kabisa neno (initramfs) likisubiri mtu aandike kitu. Kijana wa fildi aliyekuwa akinisaidia akaivuta kibodi ya mashine ya kwanza, akabonyeza. Hakuna herufi iliyotokea. Akaenda ya pili. Hola. Akageuka kunitazama: "Mwalimu, hizi zinatuuliza swali halafu zimetuziba mdomo."

Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida. Tulitaka kusakinisha Debian 12 kupitia mtandao, bila mkono wa mtu, na juu yake kuweka kerneli tuliyoipika wenyewe, kwa sababu kadi ya kupimia mitetemo ilihitaji kiraka ambacho kerneli ya Debian haikuwa nacho. Usakinishaji ulifika mwisho bila doa. Kila mashine ikajizima na kujiwasha yenyewe kama tulivyoiagiza. Balaa likaanzia hapo.

Nitarudi kwenye zile 31. Kwanza nieleze jambo ambalo ningelielewa mapema, lingeniokolea wiki nzima.

Fundi akipewa kiwanja hasimamishi nyumba siku ya kwanza. Huanza na banda. Analala humo, anaficha saruji humo, anapikia humo, na siku nyumba ikikamilika banda linabomolewa. Kisakinishi hufanya vivyo hivyo. Kompyuta inapowaka kwa mtandao hupewa anwani na DHCP, kisha huvuta kwa TFTP mafaili mawili, "linux" na "initrd.gz". Hiyo ndiyo kerneli ya kibandani. Inaishi kwenye RAM tu. Nyumba inajengwa diskini, na wakati wa ujenzi unaiona kwenye saraka ya /target. Kerneli uliyoipika imelala ndani ya hiyo /target. Haijawahi kuwaka hata sekunde moja, wala haitawaka mpaka mashine ijiwashe upya. Karibu kila hitilafu ya kazi hii niliyowahi kukutana nayo ilitokana na mtu, mara nyingi mimi mwenyewe, kumuuliza wa kibandani habari za nyumba.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni amri ya "uname -r". Watu wengi huandika kwenye skripti ya mwisho ya usakinishaji kitu cha namna hii:

in-target update-initramfs -c -k $(uname -r)

Wanadhani kwa sababu amri inatekelezwa ndani ya /target, basi jibu litakuwa la kerneli mpya. Sivyo. Kuingia kwenye /target ni kubadili saraka ya mizizi tu. Kerneli inayoendesha mashine bado ni ile ya kibandani, na ukiiuliza jina inataja lake. Ubaya wa kosa hili ni kwamba hujificha. Ukitumia kisakinishi kipya, toleo la kerneli yake mara nyingi ni lilelile la kerneli ya kawaida ya Debian inayowekwa diskini. Skripti inafanya kazi, unafurahi, unaisahau. Miezi mitatu baadaye unaongeza kerneli yako, majina yanatofautiana, na skripti ileile iliyokuwa salama inatengeneza initrd ya kerneli ambayo nyumbani haipo kabisa. Andika jina la toleo kwa mkono, au lisome kutoka /target/lib/modules. Wenye kutumia Kickstart ya Red Hat wana mtego uleule kwenye sehemu ya %post, na wenye FAI, ile zana ya kusakinishia aliyoianzisha Thomas Lange katika Chuo Kikuu cha Cologne, wana banda lao linaloitwa nfsroot. Jina hubadilika, shimo ni lile.

Banda lenyewe nalo huweza kukugomea kabla ujenzi haujaanza. Ukiona kisakinishi kinalalamika kwamba hakikupata moduli za kerneli, yaani ujumbe unaoanza na "No kernel modules were found", usiiguse kerneli yako; haihusiki. Maana yake ni kwamba "linux" na "initrd.gz" zilizoko kwenye seva yako ya TFTP ni za zamani, ilhali hazina ya paketi imekwisha kusonga mbele kwa toleo dogo jipya la Debian. Sisi tuliovuta nakala ya hazina kwenye seva ya ndani ili kuokoa bando tunaipata hii mara kwa mara: nakala inajisasisha yenyewe usiku, ila hakuna anayekumbuka saraka ya TFTP. Chukua mafaili mapya ya netboot, yaweke pale, endelea na safari.

Sasa twende kwenye faili la majibu, preseed. Kuna mstari unaowavutia sana wapika kerneli:

d-i base-installer/kernel/image string none

Unakiambia kisakinishi kisiweke kerneli yoyote, kwa hoja kwamba utaweka yako mwenyewe mwishoni kupitia preseed/late_command. Mimi niliutumia, na leo nakushauri usiutumie. Sababu ya kwanza ni ya wazi: yako ikigoma, huna ya akiba. Sababu ya pili imejificha zaidi. Paketi ya kerneli ya Debian inapoingia huburuta pamoja nayo initramfs-tools, ile zana inayotengeneza initrd. Paketi uliyoipika kwa "make bindeb-pkg" haiburuti chochote. Kwa hiyo kerneli yako inaingia diskini, GRUB inaiona, hakuna kosa lolote linaloandikwa, ila initrd haipo. Mashine ikiwaka unapokewa na maneno haya:

VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)

Ndivyo ilivyonikuta kwenye mashine ya majaribio. Nikaongeza initramfs-tools kwenye pkgsel/include, ambayo hutekelezwa kabla ya late_command, na mashine ikawaka. Afadhali ningeacha kerneli ya Debian iingie kwanza kama kawaida, kisha yangu ije juu yake. Megabaiti mia kadhaa za diski si gharama ya kumfanya mtu alale njaa.

Hiyo namba iliyoko kwenye mabano, kwa njia, isome vizuri, kwani inakuambia uelekee wapi. Sufuri mbili maana yake kerneli haikuona diski yoyote: ama initrd haipo, ama ipo lakini haikufunguka, ama draiva ya diski haikuwekwa. Ikiwa namba ya kwanza ni 8, ambayo ni ya diski za SATA, au 259, ambayo utaiona kwa NVMe, basi diski imeonekana, ila mfumo wa mafaili ulio juu yake haukusomeka. Hapo tafuta kama ext4 imo kwenye kerneli yako. Kama imo na bado inagoma, chunguza nani alitengeneza huo mfumo wa mafaili: mkfs mpya inayoendeshwa kutoka kibandani inaweza kuwasha sifa ambazo kerneli ya zamani haizijui. Sifa ya orphan_file ya ext4, kwa mfano, inataka kerneli ya 5.15 au zaidi.

Initrd iliyopo lakini isiyofunguka huwapata hasa wale wanaopenda kupunguza. Debian 12 huibana initrd kwa zstd. Ukizima CONFIG_RD_ZSTD kwa kudhani ni mzigo, kerneli inapewa mfuko isioweza kuufungua. Itasema kwamba mbinu hiyo ya kubana haikuwekwa, halafu itaanguka kwenye zile sufuri mbili. Na ukizima CONFIG_BLK_DEV_INITRD yenyewe, jambo la ajabu zaidi hutokea: paketi yako inapoingia huviarifu viskripti vya /etc/kernel kwamba initrd haihitajiki, navyo vinatii kimyakimya. Utatafuta kosa kwenye logi mpaka macho yaume. Hakuna kosa. Kila mmoja alifanya alichoambiwa.

Basi turudi maabara, kwenye zile 31.

Kibodi ilikuwa imekufa, lakini imekufa kwa upande wa kerneli tu. Tukizima na kuwasha, kwenye menyu ya GRUB vitufe vilikuwa vinaitika vizuri, kwa sababu pale bado ni firimwea ya mashine inayoisoma kibodi. Kerneli yetu ikishika usukani, kibodi inanyamaza. Hiyo peke yake ilikuwa nusu ya jibu: draiva ya kibodi za USB haikuwemo. Ingekuwa kerneli ya Debian ipo kwenye menyu, tungeichagua na kuingia ndani. Haikuwepo, kwa sababu ya ule mstari wa "none". Ikabidi turudi kibandani: tukaiwasha mashine moja kwa mtandao tena, tukiongeza rescue/enable=true kwenye mstari wa kerneli, tukafungua shell ndani ya mfumo uliosakinishwa, na kuuliza:

grep -E 'BLK_DEV_NVME|USB_HID|EXT4_FS=' /boot/config-6.1.90-maabara

Jibu: ext4 ipo. CONFIG_BLK_DEV_NVME haijawekwa. CONFIG_USB_HID haijawekwa. Diski za mashine zile zote ni NVMe.

Kijana akaniuliza swali ambalo nilikuwa naogopa kuulizwa: "Sasa ile ya majaribio iliwakaje?"

Iliwaka kwa sababu ilikuwa ya kizee. Ilikuwa mashine ya akiba iliyokaa mezani kwangu miaka mingi, yenye diski ya SATA na kibodi ya tundu la duara. Nayo kerneli nilikuwa nimeipika kwa "make localmodconfig" kwenye kompyuta yangu mpakato, yenye SATA vilevile. Amri hiyo hutazama moduli zilizopakiwa wakati huo kwenye mashine unayopikia, ikabakiza hizo na kuzitupa nyingine zote. Mpakato wangu haukuwa na NVMe wala haukuwa umechomekwa kibodi ya USB, kwa hiyo vitu hivyo vikatupwa. Nikapima kerneli ya mpakato kwenye mashine inayofanana na mpakato, nikaipeleka kwa 31 zisizofanana nao, halafu nikashangaa.

Localmodconfig si amri mbaya. Ni ya mtu mmoja na mashine moja. Kwa kundi la mashine, anza na usanidi wa Debian wenyewe, ulioko kwenye faili la /boot linaloanza na config-, weka kiraka chako, washa unachohitaji, na uache mengine yalivyo. Kupika kutachukua muda mrefu zaidi, nenda ukanywe chai. Kama ni lazima upunguze, chukua orodha ya lsmod kutoka kwenye mashine halisi itakayotumia kerneli hiyo na uilishe:

make LSMOD=/root/lsmod-ya-maabara localmodconfig

Ukianza na usanidi wa Debian kuna kizingiti kimoja cha kupita haraka: upikaji unaweza kukatika ukidai cheti kilichoko debian/certs. Hicho ni cha Debian, wewe huna. Futa thamani ya SYSTEM_TRUSTED_KEYS na uendelee.

Pengine utakuta draiva imo kwenye usanidi kama moduli, yaani "=m", na bado diski haionekani. Basi swali ni kama moduli hiyo iliingia kwenye initrd. Amri ya lsinitramfs itakuonyesha yaliyomo. Tafuta humo neno nvme. Ikiwa halimo, fungua /etc/initramfs-tools/initramfs.conf uangalie MODULES. Thamani ya "most" hubeba draiva nyingi na ndiyo ninayoshauri. Thamani ya "dep" hukisia kwa kuitazama mashine kama inavyoonekana sasa hivi, na sasa hivi ni nani anaitazama? Wa kibandani. Huenda anaiona diski kwa jina au kwa njia ambayo kerneli yako haitaitumia.

Nataka nikae kidogo kwenye late_command, kwa sababu pale ndipo makosa humezwa. Watu huandika amri saba kwenye mstari mmoja, zikitenganishwa kwa nukta-mkato. Kisakinishi hutazama matokeo ya mstari mzima, yaani ya amri ya mwisho. Ikiwa ya tatu ilishindwa kuipata paketi yako na ya saba ilifaulu kufuta faili la muda, basi taarifa ni kwamba mambo shwari. Mimi siku hizi naandika skripti ya pembeni, naishusha kwa wget mpaka /target/root, na kuiendesha kwa in-target. Mstari wake wa kwanza wa maana ni "set -e". Ikikosea, kisakinishi kinaleta skrini nyekundu na kusimama. Wapo wanaoona kusimama huko ni kuvunja utaratibu wa kujiendesha. Mimi naona bora mashine isimame mbele yangu saa tatu asubuhi kuliko ijifanye nzima mpaka mwanafunzi aikalie.

Zingatia pia kwamba shell ya kibandani ni ya BusyBox. Mbwembwe za bash hazipo pale. Ndani ya in-target unapata zana za nyumba, nje yake huna.

Na logi je? Kisakinishi kikiwa kinaendelea, Alt+F4 hukuonyesha yanayoandikwa, na Alt+F2 hukupa shell ya kuchungulia. Baada ya kuwaka, yaleyale yamehifadhiwa nyumbani kwenye /var/log/installer. Ikiwa tatizo linatokea mwanzoni kabisa mwa kuwaka, ondoa neno "quiet" kwenye mstari wa kerneli. Maandishi yatapita mbio. Chukua simu, rekodi video, kisha itazame polepole. Si mbinu ya kitabuni, lakini imenisaidia mara nyingi kuliko kebo ya serial ambayo kila ofisi inaapa inayo na hakuna anayejua iliko.

Kuna mawili ya firimwea nitakayoyagusa tu. Mashine iliyopangwa kuanza na mtandao kabla ya diski itamaliza kusakinishwa, itajiwasha, itaiona seva yako tena, na itaanza upya, usiku kucha, mpaka mtu aje. Seva iache kuihudumia ikishamaliza, au diski itangulie. La pili ni Secure Boot. Kerneli uliyoipika haina sahihi inayotambulika, kwa hiyo GRUB itaikataa kwa maneno "bad shim signature". Unaweza kuisaini kwa ufunguo wako na kuusajili kwa mokutil, lakini usajili huo humtaka mtu awe mbele ya mashine, aukubali kwa kibodi wakati wa kuwaka. Umewekwa hivyo makusudi, na hakuna skripti ya kuukwepa. Kwa maabara iliyofungwa, mimi huzima Secure Boot siku ileile ninayopanga mpangilio wa kuwaka, kwa kuwa nimeshafungua mipangilio ya firimwea hata hivyo.

Linabaki suala la kujilinda siku ya kwanza kerneli mpya inapowaka. GRUB hupanga kerneli kwa namba ya toleo na kuitanguliza kubwa. Yako ikiwa na namba ndogo kuliko ya Debian, mashine itawaka kwa ya Debian na utadhani kazi haikufanyika. Ikiwa kubwa, itatangulizwa hata kama ni mbovu. Ninachofanya ni kuweka GRUB_DEFAULT=saved, nikaacha ya Debian iwe ndiyo ya kudumu, kisha mwishoni mwa skripti naita grub-reboot nikitaja ya kwetu. Hiyo huichagua kwa kuwaka mara moja tu. Pamoja nayo naongeza panic=30 kwenye mstari wa kerneli. Kerneli mpya ikianguka, au initrd yake ikiikosa diski, mashine haitakwama kwenye ile alama ya (initramfs). Itasubiri sekunde 30, itajiwasha tena, na itarudi kwa ya Debian, yenye mtandao na SSH. Unaingia ukiwa umekaa kwenye kiti chako. Hakikisha tu /boot iko kwenye kizigeu cha kawaida, kwa sababu GRUB haiwezi kuandika alama zake kwenye LVM. Kerneli ikishathibitika, ifanye ya kudumu kwa grub-set-default.

Tulipika upya mchana ule, tukianza na usanidi wa Debian. Safari hii jaribio lilifanyika kwenye mashine ya safu ya mbele iliyo sawa na zile nyingine 30. Ilipowaka, tukaachia zilizobaki. Saa kumi na moja jioni nikamwambia kijana azizungukie zote kwa SSH kwa amri moja, uname -r, kwani sasa mwenye nyumba amehamia na jibu lake lina maana. Zote 32 zikasema 6.1.90-maabara. Akaanza kufunga begi.

Nikamwomba arudie kwa uname -v, ambayo hutaja pia ni upishi wa ngapi. Mashine 31 zikasema #2. Moja ikasema #1. Ilikuwa ile ya mezani kwangu. Kwa kuwa iliwaka tangu mwanzo, hakuna aliyefikiria kuisakinisha tena, na jina la toleo lilikuwa lilelile. Tangu siku hiyo CONFIG_LOCALVERSION yangu ina namba: -maabara3, -maabara4, na kuendelea. Kijana akaliweka begi chini, akaiwasha ile ya kizee kwa mtandao, tukakaa kuisubiri.